Kupima nguvu ya homoni AKH kwa nzige, hatua kwa hatua

AKH (homoni adipokinetiki, inayoamrisha mafuta yatolewe akibani) hutengenezwa na kuhifadhiwa kwenye korpora kadiaka, jozi ya tezi ndogo nyuma ya ubongo. Ikifika kwenye mwili wa mafuta, tishu inayohifadhi mafuta ya mdudu, huamsha lipesi, kimeng'enya cha kuvunja mafuta, na diasiligliseroli, aina ya lipidi, humiminika kwenye hemolimfu (damu ya mdudu) kuelekea misuli ya mabawa. Tunachopima ni ongezeko hilo la lipidi ndani ya mdudu yuleyule, kabla na baada ya sindano.

1. Wadudu. Tumia madume ya Locusta migratoria, wiki 2 hadi 3 tangu wajibambue mara ya mwisho. Wachanga huitikia kwa unyonge. Mtenge kila mmoja mahali patulivu saa kadhaa kabla. Majaribio mengi huharibikia hapa: nzige aliyeshikwashikwa au kurukaruka humwaga AKH yake mwenyewe, lipidi za kuanzia hupanda, na tofauti unayoitafuta humezwa. Amua mapema ni kiwango gani cha kuanzia kitamwondoa mdudu kwenye hesabu, si baada ya kuona matokeo.

2. Dondoo. Toa tezi chini ya darubini, uzitie papo hapo kwenye methanoli ya 80% iliyo baridi. Methanoli hugandisha protini kubwa, lakini AKH-I, aina ya AKH ya nzige huyu yenye amino asidi 10 tu, hubaki imeyeyuka. Zisage, zungusha kwenye sentrifuji, kausha maji ya juu, kisha yeyusha mabaki kwa maji yasiyo na madini.

3. Sindano. Chota mikrolita 1 ya hemolimfu kwa kapilari, kisha dunga mikrolita 10 za dondoo, sawa na 0.1 ya jozi ya tezi, kati ya pingili za tumbo. Mrudishe alikokuwa. Dakika 90 baadaye chota tena mikrolita 1. Kundi jingine lipate maji matupu, na la tatu pikomoli 10 za AKH-I ya kutengenezwa. Usiliruke hilo la tatu: bila lenyewe, dondoo lisipofanya kazi hutajua kama ni tupu au wadudu ndio hawaitikii.

4. Rangi. Puliza hemolimfu haraka, kabla haijaganda, ndani ya mikrolita 100 za asidi ya sulfuriki kali. Chemsha kwa 100°C dakika 10, poza kabisa, ongeza vanilini iliyoyeyushwa kwenye asidi ya fosforiki, subiri dakika 30, soma ukali wa rangi, unaoonyesha kiasi cha lipidi, kwa nanomita 546. Vaa miwani na glavu. Tyubu iwe kavu. Tone la maji likikutana na asidi hiyo, asidi huchemka na kuruka nje.

Kwa mende Periplaneta americana usipime lipidi. Kwake homoni za jamii hii hupandisha trehalosi, sukari ya hemolimfu, hivyo tumia anthroni, kemikali ya kupimia sukari.