Nikaha haimo: namna ninavyokagua faili zilizonakiliwa kutoka diski ya mtandao

Mama mmoja wa Wete, Pemba, alipita hapa karakana kwetu Malindi, Unguja, kuchukua video ya harusi ya binti yake. Nikamkabidhi flashi, akaifunga kwenye kitambaa, akashuka bandarini kupanda boti. Usiku wa pili yake akanipigia simu. Jamaa wamejaa sebuleni, televisheni imewashwa, singo wameiona, kupamba wamekuona, wanasubiri kumwona mzee akimwozesha mwanawe. "Mwanangu, mbona nikaha haimo?"

Kwenye diski yetu ya mtandao, ile iliyounganishwa na ruta ili kompyuta zetu ziifikie, nikaha ilikuwepo, nzima. Kwenye flashi ndiko haikufika. Kijana ninayefanya naye kazi aliona ujumbe katikati ya kunakili, akabofya Skip, kompyuta ikaendelea na zilizobaki mpaka ule mstari wa kijani ukajaa na dirisha likajifunga. Mstari kujaa maana yake ni kwamba kompyuta imemaliza kujaribu. Kama kila kitu kimefika, hilo hausemi. Na mimi sikuhesabu, nikatoa mzigo. Yule mama alisubiri siku nne flashi nyingine imfikie, na wageni wake walikwisha kutawanyika.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta kosa, hesabu. Bofya kulia folda ya asili, fungua Properties, andika kwenye karatasi idadi ya faili na ukubwa wake kwa baiti, zile tarakimu ndefu zilizo ndani ya mabano. Fanya hivyo hivyo kwenye nakala. Soma mstari wa Size, usisome Size on disk, kwani huo wa pili hubadilika kufuatana na jinsi kila diski inavyogawa nafasi zake, na utakupa wasiwasi bure. Harusi ile ilikuwa na faili 214 kwenye diski na 213 kwenye flashi. Nusu dakika ya kuhesabu ingetosha.

Ikiwa zimepungua faili kubwa tu, tazama flashi yenyewe imeumbizwa (format) vipi. Kwenye Properties za flashi kuna mstari wa File system. Ukikuta FAT32, jua kwamba haipokei faili moja inayofika GB 4, hata kama flashi ni ya GB 32 na ni tupu kabisa. Nikaha yetu ilikuwa GB 5 na kitu. Dawa ni kuiumbiza upya kwa exFAT, na kufanya hivyo kunafuta kila kilichomo, basi hamisha kwanza. Lakini muulize mteja ataitazamia wapi. Televisheni nyingi za zamani hazisomi exFAT, na mteja wa shamba akifika kwao na flashi isiyosomeka utakuwa umemtesa mara mbili. Kwa watu hao mimi huikata video vipande vya chini ya GB 4 na kuacha flashi kwenye FAT32.

Zikipungua faili zilizo ndani kabisa, folda ndani ya folda, shuku urefu wa majina. Windows kwa kawaida hukwama njia nzima ya faili ikifika herufi 260, kuanzia herufi ya diski mpaka herufi ya mwisho ya jina la faili. Sisi tunapenda majina marefu: "Harusi ya binti wa Bwana Fulani upande wa bibi harusi kamera ya pili". Kwenye diski ya mtandao njia inaweza kuonekana fupi kwa kuwa Z:, herufi iliyopewa diski hiyo, imesimama badala ya folda kadhaa, kisha ukinakili ndani ya folda nyingine ndefu, unavuka mpaka. Fupisha majina. Na usiweke saa kama 4:30 kwenye jina, Windows haikubali nukta mbili wala alama ya kuuliza.

Faili ambayo bado inatolewa na programu ya kuhariri hunakilika nusu, mara nyingine bila ujumbe wowote, na video ya namna hiyo haifunguki. Funga programu kwanza. Na faili ikikataa kwa ujumbe wa kukosa ruhusa, mtafute anayesimamia diski akupe ruhusa. Hapo hakuna ujanja mwingine.

Sasa mtandao wenyewe, ambao kwa Mji Mkongwe una mambo yake. Nyumba yetu kuta zake ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi cha mtu kukaa kwenye dirisha na miguu akaikunja. Diski iko chumba cha chini, mimi nafanya kazi ghorofani. Wai-fai ikifika juu imechoka: kurasa za intaneti zinafunguka, lakini GB 60 zikipita, inakatika. Nilivuta waya wa mtandao kupitia kwenye ngazi, na makosa mengi yakaisha siku hiyo hiyo. Lililobaki ni umeme. Ukipepesa sekunde moja tu, laptopu inaendelea kwa betri yake, lakini ruta na diski vinazima na kuwaka upya, na nakala inakatikia njiani. Betri ya akiba iwekee diski na ruta vyote viwili. Ukiilinda diski peke yake, njia ya kuifikia bado itakatika.

Kwa mzigo mkubwa nimeacha kabisa kuburuta kwa mausi. Ninafungua dirisha la amri (Command Prompt), naita robocopy, amri ya kunakili iliyomo ndani ya Windows. Z: ni diski ya mtandao, E: ni flashi:

robocopy "Z:\H14" "E:\H14" /E /Z /FFT /R:3 /W:5 /TEE /LOG:C:\Kazi\h14.txt

Folda ya C:\Kazi iwepo kabla. /E inachukua folda zote za ndani hata zilizo tupu. /Z huiwezesha faili iliyokatika kuendelea ilipoishia. /FFT inavumilia tofauti ya sekunde mbili kwenye saa za faili, maana diski za mtandao na Windows hazihesabu saa sawasawa. /R:3 na /W:5 ni kujaribu mara tatu kwa kungoja sekunde tano. Usiziache hizo, kwani ukinyamaza robocopy itajaribu faili moja mara milioni moja, ikingoja sekunde 30 kila mara. /LOG huandika ripoti kwenye h14.txt, na /TEE huionyesha pia dirishani. Mwisho inatoa jedwali. Tazama safu ya FAILED: ikiwa si sifuri, fungua ile h14.txt, utaona jina la kila faili iliyokataa na sababu yake.

Kuna hali moja ya hatari zaidi: idadi sawa, ukubwa sawa, ila video inaganda katikati. Hutokea flashi ikichomolewa mapema au umeme ukikatika, kwa sababu nafasi ya faili hutengwa mwanzo na maudhui huingia baadaye. Hapo linganisha alama za faili, yaani herufi na tarakimu ambazo kompyuta huzikokotoa kutoka maudhui yote ya faili:

certutil -hashfile "Z:\H14\nikaha.mp4" SHA256

Kisha rudia kwa ile ya E:. Utapata mistari miwili yenye herufi na tarakimu 64; herufi moja ikitofautiana, faili si ile. Kabla ya kupima nakala, itoe flashi kwa Eject na uichomeke tena, la sivyo kompyuta inaweza kukusomea kilichobaki kwenye kumbukumbu yake, si kilichoandikwa kwenye flashi. Na ukigundua imeharibika, ifute kwa mkono ndipo urudie robocopy. Usipoifuta, robocopy itaona ukubwa na saa ni vile vile, itairuka.

Siku hizi flashi haitoki hapa kabla sijaichomeka kwenye televisheni ndogo iliyo ukutani, nikafungua nikaha, nikapeleka mbele mpaka dakika ya mwisho, mteja akiwa amekaa anatazama. Anayewahi boti namwambia aje saa moja mapema.