Ukiteuliwa mkuu wa idara chuo kikuu, ficha asubuhi mbili

Wiki ya kwanza tu, kabla ratiba ya vikao haijajaa, chagua asubuhi mbili kila wiki za kuandika makala zako za kitaaluma na umwambie katibu muhtasi kuwa siku hizo hupatikani hadi saa sita. Usizikalie ofisini. Mlango wa mkuu wa idara haukosi mgonga: huyu kaleta fomu ya kusaini, yule matokeo yake hayaonekani kwenye mfumo, na mwingine kapita kukusalimu tu. Nenda maktaba, au hata baki nyumbani.

Nasema hivi kwa sababu kutoka mhadhiri mwandamizi hadi profesa mshiriki utapimwa zaidi kwa machapisho. Mihutasari ya vikao, hata iwe mia, haijazi pengo hilo. Uteuzi una kikomo. Ukiisha unarudi kwenye foleni ya kupanda cheo na wenzako waliokuwa wakiandika.

Wanafunzi wa uzamili unaowasimamia nao wasikuponyoke. Kila mkikutana, mwanafunzi akutumie siku hiyohiyo baruapepe ya mistari mitano: mlichokubaliana na tarehe ya kuleta sura inayofuata ya tasnifu yake. Baada ya miezi mitatu ya vikao vya bajeti, hutakumbuka ulimwambia nini.