Hukumu imetoka na wewe hukuwepo? Namna ya kuitengua

Kuna watu wanajua wameshtakiwa siku dalali wa mahakama, yule anayekamata mali kwa amri ya mahakama, anapogonga mlango. Mtu anachanganyikiwa, anaenda kugombana na aliyemshtaki, siku zinakatika bure. Hukumu ya namna hiyo inaitwa hukumu ya upande mmoja, yaani ulitakiwa ujibu madai au utokee, ukawa kimya, mdai akapewa alichoomba. Inatenguliwa, na kwa kawaida ombi unalipeleka mahakama ileile iliyoitoa, usikimbilie rufaa manake mara nyingi utaambiwa rudi ulikotoka.

Anzia masjala, ofisi ya mahakama inayotunza mafaili, omba kuona jalada la kesi, toa kopi ya kila kitu. Karatasi ya kutafuta humo ni kiapo, yaani maelezo ya maandishi yaliyoapiwa, cha aliyepeleka samansi (wito wa mahakama). Isome taratibu: anasema alimkabidhi nani, wapi, saa ngapi, nani alimwonyesha nyumba, sahihi ni ya nani. Tuseme kaandika alikupa mkononi nyumbani kwako Jumanne saa nne asubuhi, na wewe Jumanne hiyo ulikuwa umelazwa na karatasi ya hospitali ina tarehe, basi hiyo karatasi moja ina nguvu kuliko kurasa kumi za malalamiko. Samansi ikiwa haikukufikia kihalali, kutenguliwa ni haki yako, hakimu hakufanyii hisani.

Ila kama ilikufikia kweli ukasahau, au wakili alizembea, usidanganye, sema ilivyokuwa. Hapo unaomba busara ya mahakama. Kwenye Shah v Mbogo ya 1967, kesi inayotajwa sana Afrika Mashariki, ilielezwa kwamba busara hiyo ni ya kumwokoa aliyekwama kwa bahati mbaya au kosa linalosameheka, sio anayekwepa kesi makusudi ili kuichelewesha.

Sasa pale wengi wanapoharibu ni utetezi. Kwenye kiapo cha kuunga mkono ombi lao wanajaza stori ya kwanini hawakuja, hawasemi wangekuja wangejibu nini! Evans v Bartlam, Uingereza 1937, ilishasema kama hukumu ilipatikana kihalali mwombaji aonyeshe kwa kiapo kwamba ana utetezi wa kueleweka. "Sidaiwi" peke yake haitoshi. "Nililipa nusu tarehe fulani, risiti hii hapa, mzigo uliobaki niliurudisha" huo ndo utetezi, uandike kabisa kama rasimu uuambatanishe.

Muda nao usichezee. Kanuni za mahakama za shirikisho Marekani, kwa mfano, zinaweka mwisho wa mwaka 1 kama sababu yako ni kosa au uzembe unaosameheka, kwingine zinahesabiwa siku tu, kwahiyo soma kanuni za mahakama yako leo, na kama umeshachelewa omba kuongezewa muda huku ukieleza kila siku iliyopita ulikuwa unafanya nini.

Halafu kuna hili linawaponza watu: kufungua ombi hakuzuii utekelezaji wa hukumu. Omba kwa dharura amri ya kusimamisha, ukiipata mpelekee mdai na dalali nakala yenye muhuri siku hiyohiyo.

Hakimu anaweza kukubali kwa masharti, ulipe gharama za mdai au uweke sehemu ya deni mahakamani. Inauma lakini lipa ndani ya siku ulizopewa, manake ukizipitisha siku hizo, hukumu inaweza kurudi palepale, na kuitengua mara ya pili utasota.