Pikapu ya dizeli yenye kilomita laki nne: ikague hivi kabla hujamruhusu mtu kufungua injini

Mtu akinipigia simu na kuniambia "ami, injini imekufa", namuuliza mambo mawili tu kwanza. Rejeta unaitilia maji gani? Na gari linalala wapi? Wengi hukasirika, kwa sababu wao wanataka bei ya ovahoo, yaani kufungua injini yote na kuitengeneza upya.

Pikapu nyingi ninazoshika hapa Malindi, pwani ya Kenya, ni Hilux za injini ya 5L, lita 3.0 bila tabo, na Land Cruiser za 1HZ, silinda sita, lita 4.2. Ni injini za pampu ya dizeli ya zamani na hazina kompyuta ya kukusumbua. Nimeshaona zenye laki nne na nusu ambazo hedi yake, yaani kichwa cha injini, haijaguswa tangu kiwandani. Nimeona pia zenye laki mbili zilizofunguliwa mara tatu. Tofauti haikuwa bahati. Za pili ziliwahi mikononi mwa fundi aliyefungua kabla ya kupima.

Basi fuata mpangilio huu, wala usiruke. Utahitaji tochi, nyundo ndogo, bisibisi refu, mita ya umeme, chupa safi ya kioo na geji ya kompresheni ya dizeli, ile inayopima silinda inavyobana hewa. Ile ya petroli usiilete, kwani mshale wake utagonga mwisho na geji yenyewe itaharibika.

Hatua ya kwanza: lala chini ya gari

Watu huanza na boneti. Mimi naanza na chasi, kwa sababu injini mbovu hubadilishwa, lakini chasi ikioza umebaki na vyuma chakavu. Gari linalobeba chumvi kutoka Gongoni, au samaki na barafu kutoka Ngomeni, huchuruzika maji ya chumvi safari nzima. Maji hayo huingia ndani ya chasi kupitia matundu, hukutana na mchanga uliokwisha kukaa humo, na kutu huanzia ndani. Kwa nje rangi bado inang'aa.

Chukua nyundo ugonge taratibu, hasa pale springi za nyuma zinaposhikilia chasi, na pale chasi inapopinda juu ya eksili ya nyuma. Chuma kizima hulia "ting". Kilichooza hutoa sauti ya dufu lililolowa. Palipolia vibaya sukuma bisibisi. Likizama, hapo pamekwisha.

Usidhani ni uzembe wa pwani peke yake. Marekani, ambako barabara hutiwa chumvi kuyeyusha barafu, Toyota ilikubali mwaka 2016 kuwalipa wenye pikapu za Tacoma na Tundra ambazo chasi zao zilioza. Chumvi haijali gari limeundwa wapi.

Tundu dogo hukatwa mpaka kwenye chuma kizima, kisha hutiwa bamba la unene uleule na kuchomelewa pande zote. Fundi akitaka kubandika bamba juu ya kutu, mshukuru na umwache. Na kabla ya kuchomelea popote, toa waya hasi wa betri.

Kisha kuna desturi ya kupaka oili chafu chini ya gari. Wazee wetu walifanya hivyo, na kutu kwa kweli hupungua, lakini oili hiyo hula mipira na bushi, na mchanga hunata juu yake. Bora uoshe kwa maji ya bomba, uelekeze mpira ndani ya matundu ya chasi mpaka maji yatoke safi, uliache juani likauke, halafu upulizie nta ya kuzuia kutu ndani. Kwa gari la chumvi au samaki, fanya uoshaji huo kila wiki.

Ukiwa bado hapo chini, fungua nati ya kujazia oili ya difu, lile boksi la gia katikati ya eksili, na uchovye kidole. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Difu ina kipumulio kidogo juu yake. Kikiziba, au gari likiingia kwenye maji likiwa la moto, difu hupoa ghafla na kuvuta maji kupitia sili. Baada ya mvua kubwa, mto Sabaki unapofurika, hizo ndizo kazi zangu za wiki nzima. Paka grisi nipeli zote za propela pia, uendelee.

Hatua ya pili: maji

Hapa nitakawia, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi hupotea.

Kuna Hilux ya 5L iliyoletwa kwangu ikivutwa kwa kamba. Kazi yake ni kubeba barafu kwenda Ngomeni na kurudi na samaki. Gasketi ya hedi ilikuwa imebadilishwa mara mbili katika mwaka mmoja, na bado ilichemka ikipita Mambrui na mzigo. Mwenyewe alikuwa amekwisha kata tamaa, anatafuta injini ya mtumba. Nilisubiri ipoe, nikaiwasha, nikaiacha ingurume. Ilipopata moto nikaizima na kuweka kiganja juu ya rejeta, huku na huku. Juu moto mkali, upande wa chini kushoto baridi kama mtungi. Maji hayakuwa yakipita pale.

Tulipoikata tangi la juu, ndani mlikuwa na ukoko mweupe mgumu, uleule unaouona ndani ya birika la chai la nyumba inayotumia maji ya kisima. Nikamuuliza maji huchota wapi. "Kisimani kwangu, fundi. Maji mazuri tu, twayanywa."

Visima vyetu vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, kwa hiyo maji yake yana chokaa, na karibu na bahari yana chumvi pia. Yakipata moto kila siku, chokaa hubaki ndani ya injini. Chumvi nayo hula alumini ya hedi na pampu ya maji. Gasketi ya tatu ingeungua kama zile mbili.

Basi fanya hivi. Injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta na utazame rangi ya maji. Ya kahawia ni kutu. Utando wa oili juu yake ni dalili ya gasketi, au kipoza oili kama injini inacho. Washa injini kifuniko kikiwa wazi. Viputo vichache mwanzoni ni hewa iliyobaki, lakini vikiendelea kutoka bila kukoma na kuongezeka ukikanyaga mafuta, gesi ya silinda inapita kwenye maji. Kipimo kingine hakitaki zana: kifuniko kikiwa kimefungwa, shika mpira wa juu wa rejeta dakika moja baada ya kuwasha asubuhi. Ukiwa mgumu kama tairi huku maji bado ni baridi, hiyo si presha ya joto.

Tazama kama themostati ipo, ile vali inayofungulia maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto. Mafundi wengi wa hapa huitupa wakidhani wanasaidia gari la nchi ya joto. Injini nyingi za Toyota zina njia ya pembeni ambayo themostati huifunga inapofunguka. Ukiiondoa, sehemu ya maji huzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, ukazidisha lile tatizo ulilotaka kuliondoa. Ile Hilux ya barafu haikuwa nayo.

Ikiwa hedi imekwisha kuchemka vibaya, usikubali kubadilishiwa gasketi tu. Hedi za injini hizi za jamii ya L, kama 5L, hupata nyufa kati ya vali. Ipelekwe kupimwa kwa presha na kunyooshwa kabla ya kurudishwa. Kisha tia kulanti, dawa ya maji ya rejeta, iliyochanganywa na maji safi yasiyo ya kisima. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri yanafaa kuliko ya kisima chochote mjini.

Hatua ya tatu: iwashe ikiwa baridi

Mwambie mwenye gari asiiwashe kabla hujafika. Dizeli haina cheche. Huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa, na injini hizi hubana zaidi ya mara 20, kwa hiyo ubovu wa kubana huonekana asubuhi na kufichika mchana.

Moshi mweupe unaochoma macho na injini inayotetemeka dakika ya kwanza, kisha ikatulia, mara nyingi ni hita plagi, zile zinazopasha silinda moto kabla ya kuwasha. Pima kila moja kwa mita. Nzima husoma karibu na sifuri, kwa kawaida chini ya omu moja au mbili. Isiyosoma kitu imekatika. Moshi mweupe usioisha hata injini ikipata moto, tena maji yakipungua, rudi hatua ya pili. Mweusi ni mafuta mengi au hewa kidogo, basi tazama filta ya hewa kwanza, maana vumbi la njia ya Marafa huijaza upesi kuliko kitabu kinavyosema. Buluu ni oili inayoungua.

Injini ikishapata moto, fungua kifuniko cha kutilia oili. Mvuke kidogo si neno kwa gari la laki nne. Kifuniko kikicheza na kurushwa, injini inapumua, yaani ringi za pistoni zimechoka. Lakini usitoe hukumu hapo. Pima kwanza.

Hatua ya nne: dizeli

Legeza nati iliyo chini ya filta ya dizeli na ukinge kwenye chupa ya kioo. Iache dakika kumi. Maji hukaa chini, dizeli juu. Ukiona hata kidole kimoja cha maji, safisha tangi, usibadilishe filta peke yake.

Pampu hizi hulainishwa na dizeli yenyewe. Mtu akikuuzia dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa, gari litatembea, lakini pampu inajisaga. Tangu 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili uchakachuaji usilipe, na umepungua, ila dizeli ya madumu kando ya njia mimi bado siigusi.

Kutafuta silinda dhaifu kwenye pampu ya zamani, acha injini ingurume, funika nati ya bomba la nozeli kwa kitambaa na uilegeze, moja baada ya nyingine. Silinda ambayo ukiilegeza injini haibadiliki mlio, ndiyo mgonjwa.

Onyo kwa wenye injini mpya zaidi za 1KD na 2KD za komoni reli, ambazo nozeli zote hulishwa na bomba moja la presha kubwa: msifanye hivyo kamwe. Presha humo huzidi baa 1,300 na dizeli hutoboa ngozi. Kwenye hizo, tatizo lililojulikana ni washa za shaba zilizo chini ya injekta. Zikivuja, masizi huingia kwenye oili, chujio la kuvutia oili huziba, na injini hufa kwa kukosa oili ilhali kijiti chaonyesha imejaa. Oili ikigeuka nzito kama lami mapema, fungua sampu, bakuli la oili chini ya injini, utazame lile chujio.

Hatua ya tano: breki ngumu na mkanda

Kwenye 5L, pampu ya kunyonya hewa kwa ajili ya breki imefungwa nyuma ya alteneta na hulainishwa na oili ya injini. Kwa hiyo breki ikiwa ngumu asubuhi, usikimbilie masta silinda. Tazama alteneta. Ikiwa imelowa oili, sili ya pampu imekwisha, na oili hiyo itaua alteneta pia.

Mkanda wa taimingi ni kila kilomita 100,000. Taa ya T-BELT kwenye dashibodi huwaka kwa hilo, kama hakuna aliyeing'oa balbu. Ukinunua gari la mtu, badilisha mkanda siku hiyohiyo pamoja na puli yake, chochote atakachokuapia. Ukikatika, vali hukutana na pistoni.

Hatua ya sita: kompresheni, ndipo uamue

Toa hita plagi zote, kata umeme wa kuzimia pampu, betri iwe imejaa, injini iwe na moto. Pima silinda zote. Tofauti kati yao ndiyo inayosema zaidi. Ikizidi 70 psi hivi, kuna kisa. Tia kijiko cha oili kwenye silinda iliyo chini na upime tena. Ikipanda, ni ringi. Isipopanda, ni vali au gasketi, na huenda ukamaliza kazi kwenye hedi bila kugusa chini.

Zote zikiwa chini na zimelingana, na injini inapumua, hapo ndipo ovahoo au injini ya mtumba inapozungumzwa. Ukienda kwenye mtumba, izungushe kwa mkono, tazama ndani ya kifuniko cha oili kama kuna tope, na chungulia njia ya maji kwa tochi uone ule ukoko. Kisha peleka namba ya injini mpya NTSA, mamlaka ya usafiri, ibadilishwe kwenye kitabu cha gari kabla hujaenda safari. Askari akifungua boneti pale Kilifi na namba hazifanani, samaki wako wataoza ukijieleza.