Mkataba wa ujenzi Nairobi: sheria ambayo mhandisi aishike kabla ya kufungua saiti

Jengo likisimama kwenye kiwanja chenye mgogoro, mkataba mzuri hausaidii kitu. Kwa hiyo anza na ardhi. Kabla ya kupeleka hata mashine ya kupima udongo, mwombe mwenye mradi nakala ya hatimiliki pamoja na matokeo ya sachi (upekuzi wa rekodi za ardhi) ya hivi karibuni. Kwa Nairobi, sachi hufanywa kwenye Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa mtandaoni uliozinduliwa Aprili 2021. Angalia jina la mwenye ardhi: je, ndilo la huyo atakayetia sahihi mkataba wako? Angalia miaka iliyobaki ya lisi (muda wa kukodishiwa ardhi), kisha mizigo iliyosajiliwa, yaani rehani ya benki, kosheni (zuio la anayedai haki kwenye ardhi) au amri ya mahakama. Ukiletewa cheti cha hisa cha kampuni ya kununua mashamba, hiyo si hatimiliki, hata kikiwa na muhuri mwekundu na namba ya ploti.

Na hati yenyewe haimalizi maneno. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinaruhusu hati ipingwe ikiwa ilipatikana kwa ulaghai au bila kufuata utaratibu. Mwaka 2023, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa, Mahakama ya Juu Zaidi ilikataa kumlinda mnunuzi ambaye chimbuko la hati yake lilikuwa bovu. Mpime ardhi aliyesajiliwa naye aje aonyeshe bikoni (alama za mipaka), mkiwa mmesimama hapo hapo kiwanjani. Agosti 2018 majengo kadhaa ya Nairobi yalibomolewa kwa kujengwa kwenye kingo za mito. Ramani iliyopitishwa haikuyaokoa.

Jambo moja huwachanganya wahandisi wengi. Mkataba wa kuuza ardhi lazima uandikwe, utiwe sahihi na pande zote, na sahihi hizo zishuhudiwe. Ndivyo kinavyosema kifungu cha 3(3) cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 23. Mkataba wa kujenga haubanwi na kifungu hicho. Makubaliano ya mdomo kati ya mwenye mradi na kontrakta yanaweza kuwafunga kisheria. Shida huja siku ya kuyathibitisha.

Vibali tuvipitie haraka: ruhusa ya ujenzi ya kaunti chini ya Sheria ya Mipango ya 2019, leseni ya NEMA (mamlaka ya mazingira) kwa miradi inayoihitaji, na usajili wa mradi katika NCA (mamlaka ya ujenzi). Kama ploti ilikuwa ya nyumba moja na sasa mnataka kupandisha ghorofa za kupangisha, matumizi ya ardhi yabadilishwe kwanza. Kontrakta mwenyewe mkague kwa aina ya kazi na daraja. Madaraja ya NCA huanzia 1, lisilo na kikomo cha thamani, hadi 8; na aliyesajiliwa kwa barabara hajasajiliwa kwa majengo.

Sasa mkataba wenyewe. Kwa majengo ya watu binafsi Nairobi utakutana sana na fomu ya mkataba ya JBC (Joint Building Council) ya 1999. Kwa barabara, maji na miradi ya wafadhili utakutana na FIDIC, fomu ya mkataba ya shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, toleo la 1999 au la 2017. Uliza ni toleo gani kabla ya kusoma chochote, kwa sababu siku na namba za vifungu hubadilika. Kisha nenda moja kwa moja kwenye masharti maalum. Huko ndiko mawakili wa mwenye mradi hufuta au kufupisha haki zilizo kwenye masharti ya jumla, na wengi husaini bila kufika kurasa hizo.

Swali la pili ni nani ana mamlaka ya kutoa amri. Kwenye FIDIC Kitabu Chekundu ni Mhandisi aliyetajwa kwenye mkataba. Kwenye JBC msimamizi ni msanifu majengo, na mhandisi wa miundo hupitishia maagizo yake kwake. Tuchukue mfano mdogo. Umefika saiti South B, ukaona nguzo zitabeba zaidi ya ulivyokadiria, ukamwambia fomeni: "Hizi nondo nne za milimita 16 weka za 20." Nondo ya 16 ina kilo 1.58 kwa mita, ya 20 ina 2.47. Nguzo ya mita 3.2 yenye nondo nne inaongezeka kilo 11.4. Zidisha kwa nguzo 20 na ghorofa 5: zaidi ya kilo 1,100 za chuma, kabla ya kuhesabu maungio. Chuma kimeshaingia kwenye zege, na hakuna amri iliyoandikwa. Mkadiriaji majenzi (QS) hataiweka kwenye cheti cha malipo, na kontrakta atakutafuta wewe.

FIDIC ya 1999 ina dawa yake kwenye kifungu cha 3.3. Kontrakta akipewa amri ya mdomo, aithibitishe kwa maandishi ndani ya siku 2 za kazi. Mhandisi asipoikataa kwa maandishi ndani ya siku 2 za kazi, uthibitisho huo unakuwa amri. Barua yenyewe haihitaji Kiswahili cha wakili:

"Tunathibitisha amri uliyotoa saiti leo saa nne asubuhi: nondo kuu za nguzo C1 hadi C20, ghorofa zote 5, zibadilishwe kutoka milimita 16 hadi 20. Tunaona kazi hii ina athari ya gharama."

Tarehe, mahali, kipimo, na sentensi moja kuhusu gharama. Inatosha. WhatsApp itumike kuwa ushahidi wa ziada tu, isipokuwa mkataba umeitaja kuwa njia rasmi ya mawasiliano.

Dai la muda au pesa lina saa yake, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Chini ya kifungu cha 20.1 cha FIDIC 1999, notisi itolewe mapema iwezekanavyo, isizidi siku 28 tangu kontrakta ajue au alipopaswa kujua tukio. Mkichimba Embakasi tarehe 3 Machi mkakuta udongo mweusi unaovimba umeshuka chini kuliko ripoti ya udongo ilivyoonyesha, siku ya mwisho ya notisi ni 31 Machi. Maelezo kamili ya dai, na hesabu zake, ni siku 42, yaani 14 Aprili. Kwenye toleo la 2017 notisi imebaki siku 28 lakini maelezo kamili yana siku 84, na karatasi lazima ijitambulishe kuwa ni Notisi. Usitegemee muhtasari wa mkutano wa saiti ulioandikwa "kontrakta alilalamika kuhusu udongo". Notisi ikichelewa, dai hufungwa hata kama udongo wenyewe bado unaonekana shimoni.

Ukiwa upande wa mwenye mradi, usifurahie sana ukali huo. Kama ucheleweshaji umesababishwa na mwenye mradi mwenyewe, tuseme michoro ilichelewa wiki 4, na mkataba hauna kifungu cha kuongeza muda, tarehe ya kumaliza inaweza kupoteza nguvu, na haki ya kukata fidia ya kuchelewa ikaenda nayo. Kifungu cha kuongeza muda kinamlinda mwenye mradi vilevile. Kazi ikichelewa wiki 6 na kontrakta akapewa nyongeza ya wiki 4, kwa fidia ya shilingi 50,000 kwa wiki unakata 100,000, wala si 300,000.

Malipo: kwenye FIDIC 1999 Mhandisi ana siku 28 za kutoa cheti tangu apokee hesabu ya kontrakta na nyaraka zake, na mwenye mradi hulipa ndani ya siku 56 tangu siku hiyo hiyo ya kupokelewa. Kwa hiyo mhuri wa mapokezi wenye tarehe ni mali. Nusu ya pesa zilizozuiliwa kwenye malipo kama dhamana (retention) kwa kawaida hutolewa kazi ikikabidhiwa, nusu ikisubiri kipindi cha kurekebisha kasoro, mara nyingi miezi 6 kwa majengo.

Ugomvi ukishindikana mezani, soma kifungu cha usuluhishi (arbitration) kabla ya kukimbilia mahakama za Milimani. JBC hutaka notisi ya mgogoro ndani ya siku 90. Ukishtakiwa mahakamani ilhali mkataba una usuluhishi, ombi la kusimamisha kesi chini ya kifungu cha 6 cha Sheria ya Usuluhishi ya 1995 lipelekwe mapema, si baada ya kuwasilisha hati ya kufika mahakamani wala ya kukiri madai. Ukishawasilisha utetezi umekubali kubaki mahakamani. Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6, kwa hiyo faili la saiti, pamoja na daftari la kila siku la fomeni, lisitupwe siku ya kukabidhi funguo.