Kula kwa kutosha ugenini: mwongozo kwa Wazanzibari wanaokonda nje ya nchi

Mzanzibari anayehamia Uingereza, Kanada au Sweden huonywa mapema kuhusu kunenepa, kwa sababu vyakula vya mafuta na sukari vimejaa kila duka. Wapo hata hivyo wanaokutwa na kinyume chake, wakakonda mwezi baada ya mwezi, na hao ushauri hawaupati, kwani karibu kila makala ya lishe wanayoisoma inawahimiza wapunguze. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yao.

Sababu ya kwanza imo chunguni. Gramu moja ya mafuta ina takriban kalori 9, ilhali gramu moja ya wanga au ya protini ina kalori 4 tu. Mtu aliyekulia Wete au Mchangani kwa muhogo wa nazi, mbaazi za nazi, samaki wa kupaka na wali uliopikwa kwa tui zito alikuwa akipata nguvu nyingi katika sahani ya kawaida, bila ya kuhesabu chochote. Akifika ugenini, kukuna nazi hakuna, muda hakuna, naye huanza kupika wali mweupe na kuku wa kuchemsha. Sahani inaonekana ni ileile, lakini gramu 100 za wali uliopikwa kwa maji matupu zina kalori 130 hivi, na kuku wa kuchemsha asiye na ngozi hana mafuta ya maana. Anashiba, na bado anapungua.

Kwa wastani, mamlaka za afya za Uingereza hutaja kalori 2,000 kwa siku kwa mwanamke na 2,500 kwa mwanamume, ingawa anayebeba mizigo ghalani usiku kucha huhitaji zaidi. Anayetaka kuongeza uzito taratibu hushauriwa kuzidisha kalori 300 hadi 500 kwa siku juu ya anazokula sasa, na kiasi hicho hakihitaji sahani ya pili. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kalori 120 hivi, gramu 50 za karanga zinakaribia 280, na nusu lita ya maziwa yasiyopunguzwa mafuta inapita 300. Ukinunua tui la kopo, soma maandishi yake: tui zito huwa na kalori zinazokaribia 200 katika kila mililita 100, lakini lile lililopunguzwa mafuta, ambalo mara nyingi hupangwa kando yake kwenye rafu moja, huweza kuwa na theluthi tu ya hizo. Kwa anayekonda, hilo la pili ni kama maji.

Asiye na hamu ya kula asijilazimishe sahani kubwa, kwa kuwa ataichukia kabla ya kuimaliza. Ni bora ale kidogo mara tano au sita, na kila kidogo hicho kiwe kizito. Uji wa mtama au wa ulezi uliotiwa tui na karanga za kusaga hupita koo hata asubuhi ambayo mkate haupiti. Bokoboko, kwa maoni yangu, ndicho chakula kinachofaa kuliko vyote kwa hali hii: ngano, nyama na samli kwa pamoja, laini, na likipikwa sufuria kubwa siku ya mapumziko hugawanywa vibakuli na kugandishwa kwenye friza kwa wiki nzima. Chai iwe ya maziwa, na inywewe baada ya chakula, si kabla, maana vikombe viwili vya chai ya rangi hujaza tumbo bila ya kulipa kitu.

Kuna pia suala la kula peke yako. Kwenye sinia, mikono ya wenzako hukuvuta uendelee, na mama hakuachi uondoke. Chumbani kwa kupanga, mtu hula nusu akafunika. Wanaoishi mji mmoja wapange angalau siku moja ya wiki ya kupika na kula pamoja, na anayefanya kazi za zamu abebe tende, kachori au chapati za samli, kwani akingoja kurudi nyumbani usingizi utaishinda njaa. Mwezi wa Ramadhani, daku lisiachwe.

Kuhusu fedha, lisemwe wazi: wapo wanaopunguza chakula chao ili watume nyumbani. Chakula chako kitolewe kwanza katika mshahara, ndipo utume, kwa kuwa mgonjwa hatumi kitu. Mchele wa gunia na samli katika maduka ya Waasia kwa kawaida huwa nafuu kuliko vipakiti vya dukani jirani. Samli ya nyumbani usiifunge kwenye sanduku, maana sheria za Uingereza na za Umoja wa Ulaya haziruhusu abiria kuingiza nyama wala vitu vya maziwa kutoka Tanzania.

Mwisho, si kila kukonda ni kwa chakula. Aliyepoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake katika miezi sita hadi kumi na miwili bila ya kukusudia, yaani kilo 3 kwa mwenye kilo 60, amwone daktari, kwa kuwa kisukari, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, kifua kikuu na sonona vyote hukondesha. Jamaa nyumbani watasema ni husuda, na dua haikatazwi, lakini vipimo vya damu vifanywe. Aliyekaa zaidi ya siku tano bila ya kula karibu kitu chochote asianze kwa mlo mkubwa kabla ya kuonana na daktari, kwani kurudishiwa chakula ghafla kunaweza kuvuruga chumvi za mwili na kudhuru moyo. Nchini England, kujiandikisha kwa daktari wa mtaa ni bure na unaweza kuomba mkalimani. Nenda na uzito wako wa zamani, tarehe ulipopimwa na picha ya mwaka jana, kwa sababu daktari huyo hakukuona ulivyokuwa.