Kushona gauni la saa moja la mwaka 1924 (mimi lilinichukua siku mbili)

Mdogo wangu alikuja na picha kwenye simu. Anataka gauni la miaka ya 1920 la kuigizia chuoni, lenye matamvua kuanzia kifuani hadi magotini. Nikamwambia hilo ni la kukodi kwa sherehe. Matamvua yalikuwepo, ya kuchezea dansi usiku, ila gauni la mchana kule Marekani lilikuwa mfuko ulionyooka, kiuno kimeshushwa nyongani, na wengi walijishonea nyumbani. Mwaka 1924 Mary Brooks Picken, aliyefundisha ushonaji kwa njia ya posta kutoka Scranton, Pennsylvania, alitoa maelekezo ya gauni la kumaliza kwa saa 1. Ndilo tuliloshona.

1. Kitambaa
Krepu laini (kitambaa chepesi kinacholala mwilini) au pamba nyepesi. Satini ngumu inasimama kama boksi. Pima kutoka begani hadi pindoni, zidisha mara 2, ongeza inchi 6. Mwaka 1924 pindo lilikuwa bado kwenye muundi. Magotini lilifika 1926 hivi, kwa hiyo chagua mwaka wako kabla ya kushika mkasi. Begani hakuna mshono, kipande kimoja kinatoka mbele kikashukia mgongoni. Kitambaa chenye ndege waliosimama, mgongoni watakuwa kichwa chini. Usiniulize nimejuaje.

2. Kukata
Kunja kwa upana, mkunjo huo ndio bega, kisha kwa urefu, huo ndio katikati ya gauni. Kati ya kifua na nyonga, kipimo kikubwa ndicho unachogawa kwa 4, unaongeza inchi 2, unapima kutoka mkunjo wa katikati, unashuka moja kwa moja kutoka kwapani hadi nyongani bila kubana kiuno. Kuanzia hapo sketi itoke nje inchi 4 zaidi. Shingo usiikate ikiwa tabaka 4: fungua, anza na tundu dogo, ongeza upande wa mbele tu huku ukimjaribisha.

3. Nyonga
Hapa ndipo siku yangu ilipoishia. Kwenye mstari wa nyonga unakata kutoka ubavuni kuingia ndani inchi 4, mbele na nyuma, pande zote mbili. Ukingo wa chini sasa una inchi 8, wa juu 4. Unavuta marinda ya chini yalingane na juu, unashona. Marinda yanakaa ubavuni tu. Tumboni na mgongoni gauni linabaki bapa, na hiyo ndiyo sura ya enzi ile.

Kosa la kwanza, nilimpima nyonga amesimama. Alipoketi gauni likabana, likapanda, marinda yakakaa kiunoni kama kibwebwe. Mpime ameketi kwenye kiti kigumu, na kipimo hicho ndicho utumie katika hatua ya 2.

La pili ni ncha ya mkato. Pale mkasi unapoishia hakuna nafasi ya mshono, na krepu inafumuka ukiitazama tu. Nilifumua na kurudia mara 3. Kabla ya kukata, weka kwa ndani kiraka kidogo cha kitambaa hicho hicho, piga mshono wa hatua fupi kuizunguka ncha, kama herufi V. Ndipo ukate, na mkasi usimame uzi mmoja kabla ya mshono. Unapounganisha, anza na nusu inchi ubavuni, upunguze polepole mpaka mshono ufie kwenye ncha.

Marinda yavute kwa mistari 2 ya hatua ndefu. Kuna wanaotumia mmoja. Uzi ukikatika watanikumbuka. Na tafadhali, lastiki hapana. Lastiki inazunguka nyonga nzima na unajikuta umeshona dera.

4. Mbavu na mikono
Shona, pinda.

5. Pindo
Litundike usiku mzima kwanza, krepu inarefuka. Kesho yake sawazisha akiwa amevaa, upinde kwa mkono. Zipu haipo, linaingilia kichwani. Shanga, kama mnazitaka, zije mwisho, na gauni hilo lilazwe sandukuni, lisitundikwe tena: magauni ya shanga ya miaka ile huchanika mabegani kwa uzito wake yenyewe.

"Dada, na matamvua?" Nimempa mstari mmoja, pindoni.